Kilio Kilichofutwa Kwenye Gari

Wiki nzima mmekuwa mkinisimamisha njiani kuniuliza kioo cha ramani cha gari la Valérie kiliandika nini. Haya basi, nasema. Kiliandika neno moja na tarakimu moja: Favoris, sifuri.

Sifuri, jamani! Mahali pote alipohifadhi mumewe mle ndani, hapakubaki hata mahali pamoja.

Na wewe uliyeshika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, sogea karibu nikupe kwa ufupi, maana hatuna muda wa kuchezea. Guelord, mdogo wake Valérie, ni mchimbaji wa Musonoi, hapa Kolwezi. Yeye peke yake alimsikia Dimitri, mwenye depot, ghala la kununua mawe ya madini, akiwaamuru vijana washuke kwenye shimo lililokwisha kupasuka baada ya mvua. Vijana walishuka. Hawakupanda tena. Kesho asubuhi Guelord anatakiwa kusimama mbele ya jaji na kusema alichosikia. Asipofika, Dimitri anarudi nyumbani kwake kula, na vifo vile vinabaki kichwani mwa Guelord, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkubwa wa timu.

Ndiyo maana Symphorien, mume wa Valérie, alimficha shemeji yake. Alimpakia kwenye basi lao dogo mchana kweupe, mtaa mzima ukawaona wakishika barabara ya Tenke. Jioni alirudi peke yake. Alikomwacha hakumwambia mtu, hata mkewe.

"Ukiwa haujue, hakuna mwenye atakulazimisha useme," alimwambia. "Kesi ikikaribia, fuata ile machine. Yenyewe inajua."

Kisha akamwachia mkewe basi, akaenda kupeleka lori la mtu mwingine mpakani Kasumbalesa, na tangu juzi simu yake haipatikani.

Machine ni ile ramani ya kwenye kioo, inayomwongoza dereva kwa sauti. Lakini Valérie alipoiwasha, iliandika "Mémoire pleine", kwamba kumbukumbu imejaa, ikaganda. Akaipeleka kwa Gradi, fundi wa redio na vioo vya magari, aipunguzie mzigo. Gradi akapunguza. Tena akapunguza kweli kweli.

"Gradi! Ulifanya nini?"

Gradi alikuwa anapangusa mikono kwa kitambaa, uso umejaa furaha ya mtu anayesubiri kusifiwa.

"Nilisafisha, yaya," alisema, akimwita dada kwa heshima. "Angalia vile inakimbia sasa!"

"Mi nilikuambia utoe miziki! Miziki tu!"

"Miziki nilitoa. Haikutosha. Ramani mupya ya Kolwezi inaomba nafasi munene, yaya. Barabara za hapa kila mwaka banazihamisha juu ya mashimo, si unajua? Nilitoa miziki, nikatoa picha za batoto. Usiogope, picha niliziweka mu clé USB yangu. Halafu nikakuta bilio."

Hapa ngoja niwaeleze kazi ya Symphorien. Yeye hubeba watu wa vilio. Familia ikifiwa, inakodi basi lake kuzungusha ndugu na kwaya. Nyumba za cité, mitaani kwetu, hazina namba, kwa hiyo kila msiba anaupigia alama kwenye ramani: Kilio cha fulani, kilio cha fulani. Kilio kikimalizwa, alama inatakiwa ifutwe. Waulize madereva wa Kolwezi, watakuambia kwamba msiba uliokwisha haukai garini, kwa sababu gari likiuzoea litakutafutia mwingine. Wote wanafuata hivyo. Symphorien naye anafuata, ila ni mvivu.

"Bilio tele, yaya!" Gradi aliendelea. "Bengine balikufa tangu mwaka juzi, mpaka leo beko mu motoka. Batu balishanyoa nywele, balishakunja bâche ya kilio, na weye ungali unatembea nabo mu kioo? Ile si muzuri. Nilifuta."

"Ulifuta yote?"

"Yote. Hata ya..." Gradi akavua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili. "Hata ya Guelord. Pole sana, yaya."

Valérie akajua mara moja ni alama ipi. Maana Symphorien, kwa akili yake, pale mahali pa kujificha alipaandika "Kilio Guelord". Ni nani mwenye kwenda kufungua kilio kwenye gari la mtu? Hakuna. Ilikuwa akili nzuri, hata mimi nilimpigia makofi. Ila alimsahau fundi.

"Unasema nini, Gradi?"

"Nilisoma, yaya. Nilishituka sana. Halafu nikaelewa, munaficha juu ya tension ya mama, damu yake isipande. Njo vile banafanyaka. Lakini mama ni mama. Hauwezi kumunyima kilio ya mutoto wake. Asubuhi nilipita ku Musonoi."

"Ulipita kufanya nini?"

"Kumupa pole."

"Ulimuambia mama yangu Guelord alikufa?"

"Apana! Mi sikumuambia kitu. Nilimupa pole tu."

Ee Mungu wangu! Valérie alimkamata shati fundi yule, akafungua mdomo amwambie Guelord ni mzima, tena anakula na kulala. Pale pale, kwenye kibanda cha pili, vijana wawili wakanyamaza wasikilize. Vijana wale hubeba mawe ya Dimitri. Valérie akalimeza neno lake likiwa limefika kwenye meno.

"Unasema nini, yaya?"

"Nasema ahsante," Valérie alijibu, akaliachia lile shati. Halafu kwa sauti ya chini, "Ile yenye ulifuta, unaweza kuirudisha?"

"Yenye imefutwa imefutwa. Lakini sikiliza, bado haijamaliza kujipanga. Usizime moteur mpaka ufike. Ukizima na kuwasha tena, njo itaamka muzuri, itaanza kukuonyesha bintu byote byenye ilikuwa inashindwa..."

Wewe msomaji umesikia. Yeye hakusikia hata nusu. Alikuwa ameshaingiza gia, na vumbi likamfunika Gradi na kofia yake.

Alikuwa na jambo moja tu kichwani. Amfikie Guelord kabla ya Dimitri, basi. Lakini amfikie wapi? Barabara ya Tenke ni ndefu, na kila upande kuna njia za malori, vijiji, migodi. Angeweza kuzunguka huko mpaka kesi ikaisha.

Alisikia kilio kabla hajakata kona ya kwa mama yake, Musonoi. Sauti ya Mama Honorine, jirani, ilikuwa inaanzisha wimbo, na wanawake wanaitikia. Bâche, turubai la bluu la kukinga jua, imeshafungwa juu. Viti vya plastiki vimepangwa mstari, vipya, vinang'aa. Wanaume wamekaa wakiongea taratibu. Kwa saa chache tu, msiba wa mtu asiyekufa ulikuwa umependeza kuliko misiba mingi ya kweli niliyowahi kuhudhuria.

Valérie akazima gari, akashuka. Wa kwanza kumpokea, mikono imetanuliwa, alikuwa Dimitri.

Dimitri mwenyewe! Shati jeusi, miwani nyeusi, kitambaa cheupe mkononi.

"Mama Valérie! Musiba gani hii! Guelord alikuwa mutoto wangu mu kazi. Mutoto wangu!" Akamkumbatia kwa nguvu. "Bâche ni yangu. Biti ni byangu. Musiangaike na kintu."

Valérie alisimama mikononi mwake kama gogo.

"Lakini nisaidie kintu kimoja," Dimitri alimnong'oneza sikioni, bado amemkumbatia. "Mwili bameuweka wapi? Nilituma batu ku hospitali zote. Hakuna mwenye alimuona."

Hapo Valérie akaelewa kwamba Dimitri hakuja kulia. Alikuja kuhakikisha. Guelord akiwa amekufa, kesi imekufa naye. Guelord akiwa mzima, Dimitri anataka kujua wapi, tena leo.

"Acha nione mama kwanza," alisema, akajitoa.

Mama Ngalula alikuwa ameketi chini kwenye mkeka, miguu mitupu, kitambaa cha kichwa kimelegea. Wanawake wakampisha Valérie. Akapiga magoti, akamkumbatia mama yake, akaweka mdomo sikioni.

"Mama, nisikilize na usishituke. Guelord eko muzima."

Mama akarudi nyuma kidogo amtazame vizuri. Kisha akamshika shavu, taratibu, jinsi unavyomshika mtoto mwenye homa.

"Njo vile balikutuma useme?"

"Hakuna mwenye alinituma. Eko muzima. Symphorien alimuficha juu ya kesi. Ile jina mu motoka ni bongo, ni uongo, mama. Ilikuwa ya kudanganya batu."

"Baba yako naye alikuwa muzima," mama alisema.

"Mama..."

"Baliniambia eko muzima. Eko ku hospitali, anaanza kukula bukari kidogo kidogo. Mi nikapika. Nikapika samaki yenye alikuwa anapenda, nikafunga muzuri na kitambaa, nikabeba mpaka kule. Mujomba wako Kalombo njo alinikalisha chini, sahani ingali mu mikono." Machozi yalikuwa yanamtiririka bila sauti. "Usinipikishe tena, Valérie. Kama alikufa, niache nilie."

Valérie akayapangusa machozi yale kwa upindo wa kitenge chake. Ilimuuma, ikamuuma sana, kwa sababu siku ile ya baba yeye naye alikuwa miongoni mwa waliosema "eko muzima". Kwetu ndivyo tunavyofanya. Habari ya kifo hairushwi usoni mwa mama. Inacheleweshwa mpaka wakubwa wafike. Sasa leo amekuja na ukweli mtupu, na ukweli wenyewe umevaa nguo ya uongo ule ule wa zamani. Nani angemwamini?

Aliona wazi kwamba maneno hayatasaidia. Mpaka mama amwone Guelord kwa macho yake.

"Valérie!"

Ilikuwa sauti ya mjomba Kalombo, kaka yake mama, msemaji wa familia. Mzee huyu akisimama, watu wote hunyamaza. Walinyamaza. Pembeni yake alikuwa amesimama Dimitri, mpole kuliko padri.

"Tata Dimitri anauliza, na mi naona anauliza muzuri," alisema mjomba. "Tunalia bila mwili tangu asubuhi. Mwipwa wangu eko wapi?"

Fikirini wenyewe. Akisema hakuna mwili, Dimitri anajua Guelord anapumua. Akisema mwili upo, watadai waende kuuchukua.

"Symphorien njo anajua, mujomba," alijibu.

"Symphorien eko Kasumbalesa. Simu haiingie."

"Gradi alisema aliandika mu motoka!" alidakia Mama Honorine kutoka kwenye mikeka, na mimi nasema Mama Honorine angeendelea na wimbo wake tu.

"Gradi alifuta!" Valérie akasema haraka, karibu kwa furaha. "Kioo kilijaa, Gradi akafuta yote. Muulize mwenyewe. Hakuna kintu mule, mujomba. Ni sifuri."

Kwa mara ya kwanza siku ile alimbariki Gradi, yeye na kofia yake. Kama alama imefutwa, basi imefutwa kwa kila mtu.

Dimitri akavua miwani. Macho yake yalikuwa makavu kabisa.

"Kioo kilijaa, banafuta," alisema polepole, ili wote wasikie. "Na mwili nao banaufuta?"

Minong'ono ikaanza. Wanaume wakatazamana. Mjomba Kalombo akakunja uso, maana aibu ya familia ilikuwa inatandikwa mbele za watu.

Na katikati ya minong'ono ile mama akainuka. Hakuna aliyemsaidia, aliinuka mwenyewe.

"Nipeleke," alimwambia Valérie. "Hata kama ni kaburi. Hata kama ni porini ku Tenke. Nataka kuona pahali mutoto wangu eko."

"Mama, mi sijui njia."

"Tutauliza njia."

Nani anamkatalia mama mfiwa mbele ya mikeka yake? Mjomba akanyoosha mkono kuelekea gari, na amri ikawa imetoka. Dimitri akasema naye atasindikiza, heshima inamtaka. Akaingia nyuma kabla hajaruhusiwa. Mjomba akaketi kando yake. Mama akapanda mbele, hata viatu hakuvaa.

Valérie akashika usukani. Alikuwa ameshapanga. Nitawapeleka njia ya Tenke, alijiambia, nipotee makusudi, nizunguke mpaka jua lichwee, nimshushe Dimitri mahali fulani na kesi yake. Guelord atabaki alipo, salama. Kesho ni kesho.

Akazungusha ufunguo. Injini ikaitika.

Kioo kikawa cheusi. Halafu kikawaka, lakini si kama zamani. Zamani kilikuwa kizito, kinafikiri mpaka unasinzia. Sasa kiliruka, rangi zinameta, ramani mpya ya Kolwezi ikajitandaza, mashimo na barabara zake zote. Ndipo Valérie akakumbuka maneno ya Gradi. Ukizima na kuwasha tena.

Sauti ya yule mwanamke wa machine ikatoka, safi, Kifaransa cha redioni.

"Reprendre le trajet interrompu? Kilio Guelord."

Uliza hata fundi wako, atakueleza. Alama zilizohifadhiwa ni jambo moja, safari ya mwisho ni jambo lingine. Gradi alifuta alama. Lakini ile safari ya mwisho ya Symphorien, ambayo hakuizima alipofika, ilikuwa imekaa tumboni mwa machine siku zote ikikosa nafasi ya kusema. Sasa imepewa nafasi. Ikasema. Ilikuwa inauliza kama iendelee na safari ile iliyokatika.

Kwenye kioo yakatokea maneno mawili: Oui na Non, ndiyo na hapana.

Kidole cha Valérie kikaruka kwenda kwenye Non. Hakikufika. Mama alikuwa hajui habari za machine, hakuwahi kuigusa hata siku moja, lakini Oui aliijua, na jina la mwanawe alilisikia. Mkono wake ukatangulia.

"Guelord," mama alikiambia kile kioo, "mama anakuya."

Akabonyeza.

Nyuma, Dimitri aliinama mbele mpaka pumzi yake ikamfikia Valérie shingoni.

Valérie alisubiri mstari mrefu wa bluu, ule wa kutoka mjini mpaka Tenke na mbele yake. Mstari ukatokea. Ulikuwa mfupi kama kidole gumba.

"Dans quatre cents mètres, vous êtes arrivé."

Mita mia nne, na mmefika! Jamani, mita mia nne! Wote wanne wakainua macho kwa pamoja, wakatazama mbele kupitia kioo cha gari. Mwisho wa mtaa, nyuma ya ukuta wa matofali, kulikuwa na paa moja tu kubwa, la bati lenye rangi nyekundu.

Ilikuwa depot ya Dimitri.

Ile ile. Depot iliyofungwa kwa amri ya jaji tangu siku ya shimo, mlangoni karatasi na muhuri wa serikali, na Dimitri mwenyewe amekatazwa kuikaribia mpaka kesi iishe. Symphorien yule mvivu! Alishika barabara ya Tenke ili watu waone, akazunguka nyuma ya mashimo, akamrudisha shemeji yake pua na mdomo na nyumbani, akampitisha kwa nyuma ambako bati limelegea. Watu wa Dimitri walikuwa wamepekua njia yote mpaka Fungurume. Huku kwao hawakutazama.

"Depot yangu," alisema Dimitri. Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayejaribu kusoma neno gumu. Na Valérie, kwenye kioo cha juu, akaona uso wake ukielewa. Maiti hafichwi kwenye depot yenye muhuri wa serikali. Anafichwa mtu mzima.

Valérie akatia gia ya nyuma. Basi likaruka, akageuza usukani wote, akaipa depot mgongo.

"Valérie! Uko naenda wapi?"

"Machine inadanganya, mama! Njia ya Tenke iko huku!"

"Faites demi-tour," ikasema machine. "Faites demi-tour dès que possible."

Mama hakungoja. Mlango ukafunguka, gari bado halijashika mwendo, na Mama Ngalula mwenye tension, Mama Ngalula ambaye sokoni hupumzika mara tatu njiani, alikuwa chini anakimbia. Alikimbia miguu mitupu katikati ya barabara, mikono kichwani, akiita jina la mwanawe.

Na mikeka yote ikainuka. Mama mfiwa hakimbii peke yake. Mama Honorine mbele, kwaya nyuma, wanawake wote wa kilio wakamfuata wakilia, vumbi likasimama mtaa mzima. Wanaume wakaacha viti vya Dimitri vimepinduka. Na kati yao, suruali imepigwa pasi, alikimbia Dimitri, naye ameshachomoka kutoka nyuma ya basi.

Valérie akatupa gari lilipo, akatoka mbio. Mjomba Kalombo alibaki ndani peke yake, na machine inaendelea kumwambia ageuze gari.

Alipofika, umati ulikuwa umeshafunika mlango. Alimwona mama kwa mbali, anaupiga mlango wa chuma kwa viganja.

"Mutoto wangu eko humu! Machine inasema eko humu! Mufungule!"

"Mupishe! Mupishe!" Ilikuwa sauti ya Dimitri, nzito, yenye huzuni tele. Watu wakampisha. Akainua mkono, na mkononi kulikuwa na funguo. "Ndugu zangu, muhuri huu ni wa serikali. Mi sina ruhusa ya kufungula. Lakini mbele ya mama mwenye kulilia mwili wa mutoto wake, jaji mwenyewe atanihurumia. Nyote ni bashahidi, nafungula juu ya maiti."

"Mungu akubariki, tata Dimitri!" walipaza wanawake. Walimbariki! Wakamshangilia!

"Apana!" Valérie alipiga kelele mpaka koo likamkwaruza. "Musimuache afungule! Mama! Usimuache!"

Nani wa kumsikia? Dada mfiwa akipiga kelele, watu hujua ni uchungu. Wanawake wawili wakamdaka mikono, wakambembeleza, wakamwambia ajikaze, Mungu ndiye aliyempenda zaidi.

Mama Ngalula alikuwa ameushika mkono wa Dimitri kwa mikono yake miwili, anauvuta kuelekea kufuli.

"Fungula, tata. Tafazali, fungula mbio. Niko nakulomba."

"Nafungula, mama."

Ufunguo ukaingia. Wimbo ukapungua, ukafa, kwa kuwa kila mtu alitaka kusikia kufuli likilia. Ukimya ukawa mkubwa hata kuku wa jirani wakasikika.

Na ndani, nyuma ya bati, kitu kikasogea. Mtu akakohoa. Kisha ikatoka sauti nzito ya mtu aliyeamshwa usingizini, yenye woga kidogo, kama ya mtoto anayesikia kwao wanalia na hajui kisa.

"Mama? Mama, ni nani alikufa?"

Mikono ya mama, ile iliyokuwa inamwomba Dimitri, ikakaza. Ikamkamata kifundo, kucha zikaingia kwenye nyama, ikaanza kumvuta kwa nguvu zote kutoka kwenye ule mlango.

Lakini kufuli lilikuwa limeshafunguka.